Shamba Lenye Magurudumu Manne

Alhamisi, 12 Agosti 1993. Same

Ijulikane kwamba leo, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, mbele ya mashahidi watatu na mbuzi mmoja, kitasa cha mlango wa dereva kimeachana na mlango wa dereva baada ya kuishi pamoja miaka kumi na minne. Hapakuwa na ugomvi. Nilivuta, kikaja. Nikabaki nimekishika kama mtu anayepeana mkono na mgeni aliyekwisha kuondoka.

Sasa naingilia mlango wa abiria. Navuka gia kwa makalio — mimi, mwenye miaka hamsini na minane! Mama muuza maandazi ameniuliza kama gari nimeliiba.

Gari ni langu leo siku ya sita. Miaka ishirini na miwili nimetunza stoo ya kampuni ya mkonge. Zama za uhaba nililala na funguo za sabuni shingoni, na haukupotea hata mche mmoja. Sasa kampuni imepata wenye mtaji, sisi tumepata barua ya shukrani. Wenzangu walichukua kiinua mgongo chao wakanunua mabati, cherehani, mitamba. Mimi nikachukua gari dogo la meneja. La Kijapani, rangi ya chai yenye maziwa machache. Meneja aliniapia: Elirehema, gari hili halijawahi kunisumbua hata siku moja. Kweli tupu. Tangu lianze kuzeeka alikuwa akitembelea la kampuni.

Yudith, mke wangu, yuko juu milimani, kijijini. Amenitumia salamu kwa mwenye lori: amesikia nimenunua gari, anapongeza, anauliza mabati yako kwenye buti?

Sebule yetu inavuja. Najua.


Jumapili, 15 Agosti. Kijijini

Nimepanda kwa lori la mbao, gari nimeliacha Same kwa fundi. Wakwe walikuja kutoka Usangi kupanga siku ya harusi. Binti yetu Victoria anaolewa na Daudi, mwalimu, kijana mtulivu. Kosa lake ni moja tu, baba yake. Mzee Anaeli alikuja na pikapu, akaiegesha mlangoni kabisa hata kuku wakakosa pa kupita, akashuka polepole ili aonekane akishuka.

Wakala, wakanywa. Kisha akajipangusa mdomo: "Sasa baba Victoria, bibi harusi mtamtoaje hapa? Niseme ukweli, pikapu yangu ipo. Nitaitandika mkeka."

Mkeka! Mwanangu, na shela kichwani, nyuma ya pikapu, kama gunia la tangawizi!

Nikausikia mdomo wangu ukisema: "Mwanangu atafika kanisani ndani ya gari la baba yake."

Vigelegele. Shangazi zake Victoria wote. Yudith hakupiga. Alinitazama mimi, halafu akatazama dari, pale penye doa.

Victoria akaanza: "Baba, mimi ningeweza—" Nikamwambia amimine chai.

Basi. Harusi ni Jumamosi ya tarehe 16 Oktoba. Limekwisha kusemwa mbele ya watu wa Usangi, halirudi. Gari lisipofika, nitasikia habari za mkeka mpaka nizikwe.


Jumatano, 18 Agosti. Same

Fundi Bahati alikuja ujanani kutoka Tabora kukata mkonge, akaishia kutengeneza matrekta ya kampuni. Leo ana gereji yake nyuma ya soko: jeki moja, karai moja, na kibao kikubwa kuliko vyote viwili. Amelizunguka gari mara tatu mikono nyuma.

"Mzee, gari hili ni zima. Lina tabia tu."

Tabia! Honi inalia yenyewe gari likikata kona ya kulia. Geji ya mafuta inaonyesha nusu — tanki likiwa tupu nusu, likijaa nusu. Handbreki unaivuta hadi inagusa kwapa na gari linaendelea na shughuli zake. Stata inasema "tk", mara moja, kama mtu aliyeombwa mkopo. Kioo cha nyuma kushoto hakipandi, cha kulia hakishuki. Na rejeta inavuja.

Nikamuuliza spea. Akacheka. Zamani ulikwenda dukani ukaambiwa hakuna. Sasa biashara ni ruksa, unakwenda dukani unauziwa, ndani ya boksi jipya lenye maandishi ya dhahabu, unafika nyumbani ndipo unaona kwamba hakuna.

Stata amesema tuiache, tutawasha kwa kusukuma au mteremko. Rejeta akaitibu. Kwa nini? Kwa binzari! Robo kilo ya binzari ya manjano, akaimimina mle ndani na maji.

— Wewe ni fundi au mpishi?
— Mzee, itakwenda kuziba tundu yenyewe. Utanikumbuka.

Imeziba. Karibu. Lakini injini ikipata moto gari zima linanuka pilau. Nimepita mbele ya msikiti saa saba mchana na watu watatu wamegeuka.


Jumatatu, 23 Agosti. Kijijini

Limefika! Linalala uani. Mimi silali, nina hasira.

Tuliondoka Same alfajiri, mimi na Bahati. Kijiji cha Mwembe tulikipita vizuri, hata nikapunga mkono. Baada ya Mwembe mlima ukaanza, na pilau ikaanza. Kona ya tatu, mvuke. Kona ya tano, boneti ikapiga kelele. Tukamaliza maji yote, na ya kunywa, na chai ya Bahati iliyokuwa kwenye chupa. Mwisho likasimama chini ya kijiji chetu kabisa, kando ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba.

Sasa mtu afanyeje? Ndiva ile imekusanya maji ya mfereji usiku kucha, imejaa, inang'aa, iko hatua kumi. Nikachota dumu moja. Moja! Najua kila shamba lina zamu yake — nilijua hilo kabla sijajua kusoma. Lakini dumu moja la lita ishirini, kwa ajili ya injini, siyo kumwagilia!

Nilikuwa nalimimina la pili nilipomsikia Mzee Zebedayo nyuma yangu. Ndiye mwangalizi wa ndiva. Hajapata kuinua sauti maishani mwake, na sijapata kuona mtu aliyefaidika na hilo.

— Shikamoo mzee.
— Marahaba. Hayo ni maji ya maharage ya mama Eliakunda.
— Mzee, ni gari tu, lina kiu.
— Naona.

Akakaa akatazama mpaka lilipojaa. Akauliza linakunywa hivyo kila linapopanda? Nikasema, kwa maringo, mbwa wewe Elirehema, ndiyo, na huenda zaidi. Akasema Alhamisi kuna kikao.


Alhamisi, 26 Agosti

Nimetoka kikaoni. Nimekaa garini ili niandike, maana ndani Yudith anacheka na mimi siwezi kuandika mtu akicheka. Daftari hili sasa litakaa humu kwenye droo ya dashibodi. Droo ndiyo kitu pekee kinachofunga.

Walikaa wazee saba. Mama Eliakunda, mjane, akaeleza kwamba mstari wa mwisho wa maharage yake haukupata maji. Nikaomba radhi. Nikadhani yamekwisha, nikasimama. Zebedayo akasema kaa, mwanangu.

Hoja yake hii. Ndiva haijui faini, inajua zamu. Kinachokunywa mara moja ni mpita njia. Kinachokunywa kila wiki ni shamba. Gari la Elirehema linakunywa kila wiki, yeye mwenyewe amekiri. Basi ni shamba.

Nikasema mzee, shamba lina udongo! Akajibu hilo nalo linao, tumeliona.

Wameandika! Kwenye daftari la ndiva, namba arobaini na moja: "Shamba la Elirehema, lenye magurudumu manne." Zamu Alhamisi alfajiri, baada ya mama Eliakunda. Madumu mawili. Na kwa kuwa ni shamba, lina wajibu wote wa shamba. Pembe ya msaragambo ikipigwa, kila shamba linatoa mtu wa kufanya kazi ya kijiji. Kwa hiyo mimi, mwenye shamba la mahindi na shamba la magurudumu, nadaiwa watu wawili.

Miaka ishirini na miwili nimeandika vitu vya watu kwenye leja. Sijawahi kuandika ndoo kwenye safu ya mbuzi.

Yudith ametoka kuniita chakula. Amesema: "Njoo ule, bwana shamba."


Alhamisi, 2 Septemba

Zamu ya kwanza. Saa kumi na moja alfajiri, baridi, nimepanga foleni na watu wenye majembe, mimi na madumu. Mama Eliakunda amenigeuzia maji yake yalipomtosha, kwa upole, akaniuliza mazao yanaendeleaje.


Jumatatu, 6 Septemba

Nimejiponza kwa mdomo wangu. Nauandika ukweli kwa kuwa hapa hakuna anayesoma.

Zebedayo alipita nyumbani kutangaza msaragambo: ukuta wa ndiva umelegea upande wa barabara, kila shamba lilete mtu na mawe. Nikamwambia la mahindi nitakwenda mimi. La pili sina mtu — Victoria yuko kazini hospitali, Yudith ana mazoezi ya kwaya ya harusi kila siku. (Hata sasa ametoka katikati ya mazoezi kuja kukoroga maharage jikoni, akarudi kabla wimbo haujaisha.) Akasimama tu, akinisubiri. Nikakasirika. Nikasema: "Basi shamba lenyewe lije likafanye kazi!"

Mtu mwingine yeyote angecheka. Zebedayo akatoa kalamu.


Jumamosi, 18 Septemba

Pembe imepigwa kabla jua halijatoka. Kijiji kizima kikashuka ndivani, wanawake na mchanga kichwani, wanaume na mitaimbo. Na gari langu, gari la bibi harusi, likasomba mawe.

Safari sita kutoka korongoni! Kwenye buti, kwenye kiti cha nyuma, mengine mapajani mwa abiria. Wakilisukuma liwake wanaimba. Nikisema basi jamani, limeelemewa, wanasema baba Victoria, shamba lako linajituma kuliko wewe. Waliokota kila jiwe kutoka korongoni mpaka ndivani, barabara sasa unaweza kuifagia. Ukuta umependeza, siwezi kukataa. Umenyooka kama wa kanisa.

Safari ya sita, "kra!" Springi ya nyuma kushoto.

Sasa linatembea limeinama upande mmoja, kama mtu anayetafuta sarafu mfukoni. Zebedayo ameliandikia tiki. Akaja akaweka mkono juu ya paa, akasema ahsante. Siyo kwangu. Kwa gari!


Jumatatu, 20 Septemba. Same

Springi ya gari hili haipo Same, haipo Mwanga. Moshi ipo moja ndani ya boksi la dhahabu, imekatika tayari. Bahati akasema nisijali. Akaenda akakata springi za trela kuukuu la mkonge.

Sasa limesimama. Nyuma limenyanyuka juu kama mbuzi anayekula majani ya chini! Taa zinamulika vidole vya mguu wangu. Nimekaa kiti cha nyuma kujaribu, nikateleza taratibu mpaka nikagusa kiti cha mbele kwa magoti. Bahati amesema bibi harusi ashikilie tu. Nikamuuliza ashikilie na nini, maua?

"Mzee," akasema, akifuta mikono, "hilo trela lilibeba tani nane. Hata mkipakia wakwe wote, halishuki."


Jumamosi, 2 Oktoba. Kijijini

Barua ya Mzee Anaeli, ukurasa mzima. Wazima wote. Pikapu imepakwa rangi upya, buluu. Ataileta siku ya harusi "kwa tahadhari tu, mkwe wangu, magari haya ya zamani tunayafahamu." Tunayafahamu! Lake na langu yamepishana mwaka mmoja!

Victoria amekuja mapumziko ya siku mbili. Jioni tulilipangusa gari pamoja, yeye vioo, mimi kutu. Anapangusa kama muuguzi, anaanza juu kushuka chini. Akasema: "Baba, sikiliza. Mimi ningeweza—" Nikamkatiza nikamwambia habari ya utepe, mwekundu au mweupe.

Akamaliza kioo. Halafu akasema mweupe.

Alipokuwa mdogo alikuwa akija likizo kule kambi ya mkonge kwa mguu kutoka kituo cha treni, viatu kavishika mkononi ili visiishe, na mimi nilikuwa karani mwenye funguo zote bila hata baiskeli. Wakati meneja anampita na gari hili hili, vumbi lote linamfunika. Nadhani yeye amesahau. Sijamuuliza.

Halafu watu wanauliza kwa nini sikununua mabati.


Jumanne, 5 Oktoba

Nimefanya jaribio la msafara. Kwa kuwa stata ni marehemu, na nyumba yetu iko tambarare upande wa juu, gari linawaka kwa mteremko tu. Mteremko uko upande wa ndiva. Kwa hiyo: natoa jiwe chini ya tairi — hilo linabaki nyumbani, ndiko linakofanyia kazi — linateremka, linawaka kabla ya ndiva, naikata kona ya juu ya ukuta (kulia, honi inalia, vizuri, ni harusi), nazunguka kwa njia ya shule, napanda kwa mashine ya kusaga, natokea mbele ya kanisa. Dakika ishirini na saba. Pilau inaanza kunukia pale mashine ya kusaga, yaani watu wakiwa na njaa kabisa.

Limefanya yote! Mara mbili! Mchungaji alikuwa amesimama mlangoni pa kanisa, akanipungia mkono mara zote mbili, ya pili akiwa na uso wa mtu anayetaka kuuliza kitu. Hakuuliza.

Yudith alikuwa amekaa barazani anachambua mchele. Nilipoondoka alikuwa amekaa, niliporudi alikuwa amekaa.

— Umefika? akasema.
— Nimefika.
— Mungu mkubwa.


Alhamisi, 14 Oktoba

Mvua. Vuli imewahi wiki mbili, bila adabu. Hakuna shamba linalohitaji maji, mfereji unafurika. Hata hivyo Zebedayo amenisimamia alfajiri mpaka nikachukua madumu yangu mawili, chini ya mwavuli wake. Zamu ni zamu.

Ndoo tatu sebuleni. Shangazi wa Victoria wamefika, wanalala kati ya ndoo.


Ijumaa, 15 Oktoba

Utepe umefungwa. Mafuta yamo, geji inasema nusu. Mzee Anaeli amefika na pikapu ya buluu, ameiegesha mbele ya kanisa. Ameliona gari langu. Ameinama kuangalia nyuma palivyonyanyuka, akakaa ameinama muda mrefu. "Linavutia," akasema.

Bado inanyesha. Kesho itakata. Lazima ikate.


Jumamosi, 16 Oktoba

Saa nne na robo. Naandika juu ya usukani. Mguu wangu wa kulia uko kwenye breki na hautoki.

Tuliondoka saa tatu na nusu. Mvua ilikuwa imekata, njia yote uji. Victoria nyuma, mweupe, mikono yote miwili kwenye kiti changu asiteleze, na msimamizi wake Lukia ameshikilia shela. Nikatoa jiwe. Tukateremka. Watu wakapiga vigelegele, wakakimbilia kanisani kwenda kutusubiri upande wa pili. Nikaachia klachi — likakohoa. Nikaachia tena — likakohoa. Mara ya tatu halikusema lolote. Kona ya ndiva ikafika, nikakata kulia, honi ikalia vizuri sana, na gari likakataa kona. Likateleza kwenye tope taratibu, kwa heshima, mpaka ukingoni mwa ukuta. Pua imeelekea majini. Zimebaki hatua nne. Tope limeshika magurudumu ya nyuma kidogo, breki imeshika mengine. Nikinyanyua mguu tunaingia kwenye maji ya kijiji kizima, na oili yetu, na binzari.

Zebedayo alikuwepo. Mvua za kwanza zikinyesha yeye huwa hapati usingizi, anaangalia ukuta. Nikampigia kelele: mzee, jiwe! Niwekee jiwe chini ya tairi!

Akatazama barabara. Safi. Akatazama korongo. Safi. Mawe yote ya upande huu tuliyasomba sisi, yako ukutani.

— Toa moja la ukuta, mzee, nakuomba!
— La ukuta halitolewi.

Hakusema kwa ukali. Nilijua kabla sijauliza. Akainama dirishani kwangu, akafikiri. Akasema msaragambo haipigwi kwa shida ya mtu binafsi siku ya harusi, haijawahi kupigwa. Lakini hili ni shamba namba arobaini na moja, na shamba likiwa hatarini kuingia ndivani pembe inapigwa, hata siku ya Krismasi. Pembe iko nyumbani kwake, juu. Anakwenda kuileta.

Lukia akashuka kwanza, akazama hadi kwenye vifundo. Victoria akavua viatu, akavishika mkononi. Nikamwambia kaa, mwanangu, watakuja, watatusukuma, tutazunguka kwa shule kama tulivyopanga. Akaweka mkono begani kwangu kutoka nyuma.

"Baba, mimi ningeweza kutembea. Tangu siku ile nilitaka kusema. Gari nilipanda kwa ajili yako."

Sikuwa na la kumkatiza nalo. Nilisema nani atakupeleka mbele, mimi sitoki hapa. Akasema atanisubiri mlangoni pa kanisa mpaka nitakapofika, hata ikifika saa tisa. Akakunja gauni juu ya mkono, akapanda kilima na Lukia, na Zebedayo katikati yao na mwavuli. Nilimwona kwenye kioo mpaka kona. Hakuwa na haraka. Ana mwendo mzuri, sikuwahi kuuangalia kwa nyuma.

Saa nne na dakika arobaini. Pembe! Inapigwa.

Kengele ya kanisa imenyamaza.

Wanakuja. Wanashuka wote — suti, vitenge vya sare, kwaya nzima na majoho yao. Mchungaji amekunja suruali. Mzee Anaeli yuko mbele kabisa, anakimbia, ana kamba ya pikapu begani, na mkeka. Wa kuweka chini ya tairi, naona. Anapiga kelele nisinyanyue mguu.

Sinyanyui.

Ninaloliandika sasa nililijua tangu tarehe 15 Agosti, nililipima kwa miguu yangu jioni ile ile wakwe walipoondoka, na sikuliandika. Kutoka mlango wa nyumba yetu hadi mlango wa kanisa ni hatua mia mbili na kumi na mbili.